Kiti cha Wageni Msibani

Vijana wangu wa ofisi ya mipango, barua yenu nimeipata. Mmeniita "mzee wetu" mara nne, mkanibembeleza mpaka nikaona haya, mkataka niwaandikie "mafanikio na changamoto" za kupanga maendeleo ya vijiji vitakavyopitiwa na treni nyepesi, kutoka Mtwara mjini hadi jirani na Mahurunga. Mafanikio mtayakuta kwenye makabrasha. Picha yangu imo humo, nimevaa kofia ngumu, na kichwa chenyewe hakina hata unywele wa kulindwa. Mimi nitawaandikia aibu. Ninayo moja, na kwa umri huu sitaki kufa nayo peke yangu kama mchoyo.

Mimi ni Mmakua wa Masasi. Ajira ilinileta Mtwara, nikaoa hapa, nikazeeka hapa. Nilianza enzi za kuchora ramani kwa wino. Ukikosea mstari unaukwangua kwa wembe, polepole, karatasi isitoboke, na bosi amesimama nyuma yako anapumua. Wembe ule ulitufundisha kuogopa kosa. Ninyi mnafuta kwa kidole, halafu mnaendelea kunywa soda.

Lakini msidhani nawacheka kwa kuwa mnarusha ndege ndogo za kupiga picha. Mimi mwenyewe nilizishabikia. Picha za kwanza tulipozileta ofisini tukahesabu mapaa ya bati, yanang'aa, tukasema kumbe watu hawa wana hali nzuri! Tukaandika hivyo kwenye taarifa. Nilipokwenda kwa miguu nikakuta yale "mabati" ni mikeka ya makopa, mihogo imeanikwa juani. Tulikuwa tumeusifia muhogo kwa maendeleo. Kwa hiyo pigeni picha, sawa, kisha mvae viatu mkatembee.

Aliyenifundisha kutembea ni marehemu Mzee Chikoma, mpima ardhi, mtu mfupi, mkali, mwenye koti moja. Ukimuuliza kituo cha magari kiwekwe wapi hakufungulii ramani. Anakupeleka njia panda siku ya Ijumaa, anakukalisha kwenye jiwe, anakwambia tazama wanawake wenye mizigo wanakatia wapi. Pale wanapokata kona ndipo kituo. Nimeitumia hiyo kanuni maisha yangu yote na haijanidanganya hata siku moja.

Kanuni yake ya pili ndiyo niliyoipuuza. Alikuwa akisema, "Katazo lazima lizaliwe na siku yake ya kufa. Ukimwambia mtu asijenge, mwambie hadi lini. Na kabla hujamwambia asichoruhusiwa, mwambie anachoruhusiwa. La sivyo umemfunga mtu bila hakimu." Niliiandika kwenye daftari langu, nikaipigia mstari. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Basi, mradi. Njia ya treni ilipochorwa mara ya kwanza ilipita karibu na Madimba, ikaingia kitongoji cha Mchangani, ndipo iteremke kuelekea Mahurunga. Mchangani ndipo tulipoweka kituo kikubwa. Nilikichora kwa mapenzi. Pembeni soko, nyuma yake chumba cha baridi cha samaki wa Mnazi Bay, kisha ghala la korosho, chuo cha ufundi, na viwanja vya makazi vyenye barabara za kupita gari mbili. Sitausema vibaya mpango ule. Hata leo naona ulikuwa mzuri, na mkiufufua mtakuwa hamjakosea.

Mkutano tulifanyia uwanja wa shule. Nikaeleza weee, nikafika kwenye treni nyepesi, mzee mmoja akainua fimbo. "Bwana Mipango, nyepesi kiasi gani? Siku haina abiria, upepo hautaibeba?" Watu wakaangua kicheko. Nikajibu kuwa haitabebwa, maana Wamakonde wakishapanda na mihogo yao hata meli inazama. Kicheko kikawa maradufu. Mwanamke mmoja wa mbele akasimama, akapiga makofi, akawageukia wenzake. "Jamani, ficheni panya wenu! Mmakua kaingia!"

Huyo ndiye Binti Mfaume. Alikuwa mkuu wa kikundi cha wanawake wasuka makuti pale Mchangani, mpana wa mabega, sauti yake unaisikia kabla hujaiona nyumba. Mmakua na Mmakonde ni watani, hilo halihitaji kufundishwa, wao hutucheka kwa kula panya, na yeye utani aliufanya kama kazi ya kuajiriwa. Hakuniita afisa hata siku moja. Nilikuwa "wewe Mmakua". Nikikosa kufika wiki mbili ananipigia simu. "Wewe Mmakua, umekufa au umenaswa kwenye mtego wa panya?" Mimi nikiteremka kwenye gari pale nilijisikia mtu wa nyumbani. Ofisini nilikuwa cheo tu, na Mchangani nilikuwa na jina.

Alikuwa akiishi na mama yake, Bi Esha, mkongwe, macho yamefifia, amebaki na meno mawili na maneno mengi. Nyumba yao ya miti na udongo, paa la makuti. Siku ya kwanza nilipoeleza kwamba nyumba itahamishwa treni ikija, Bi Esha alinishika mkono. "Mwanangu, treni na ije. Mimi simzuii ntu. Lakini nina haja moja tu. Nifie humu ndani. Watoto wangu wote nimewazalia humu. Kama treni inakuja kesho, mniambie nife leo." Tulicheka sote. Nikamwambia treni haina haraka hiyo. Hapo nilisema kweli kuliko nilivyojua.

Sasa siku ya rangi. Mnajua utaratibu. Nyumba zilizo kwenye njia hupigwa picha, huandikwa namba, kisha alama ya X nyekundu ukutani. Kuanzia hapo mtu haruhusiwi kuongeza chumba, kupanda mikorosho mipya, wala kuchimba msingi, ili hesabu isibadilike. Lakini kuziba paa linalovuja, kukandika ukuta uliobanduka, ruksa. Ukarabati haujawahi kukatazwa. Mimi nilikuwa nalijua hilo kama nijuavyo jina la mama yangu.

Mpakaji wetu aliamka na homa siku ile, nikashika brashi mwenyewe. Na sitawadanganya, niliipenda. Unatembea na kopo la rangi, watu wanakufuata, ukisimama wanasimama, ukiinua mkono wananyamaza. Kila nyumba niliyoiendea nilianza na mzaha, na kila mzaha ulichekwa. Mtu mzima na mvi zangu, nilikuwa nimelewa bila pombe.

Nilipofika kwa Binti Mfaume nikamkuta na rundo la makuti mapya kando ya ukuta, limepangwa vizuri, linafika kiunoni. Alikuwa ameyasuka na wenzake kwa ajili ya paa lake. Akanitukana kidogo, nikamtukana kidogo, watu wakafurahi. Halafu akapunguza sauti. Hilo ndilo ninalolikumbuka, vijana. Alipunguza sauti.

"Mmakua, paa langu limechoka. Makuti haya niezeke, au ndiyo nimeshakatazwa?"

Jibu lilikuwa fupi. Ezeka, mama, ukarabati haukatazwi. Lakini watu walikuwa wamenizunguka wanangoja kucheka, na mimi sikutaka kuwanyima.

"Ukigusa hata kuti moja," nikasema, nimemnyooshea brashi, "nakufunga! Na huko jela mchana panya, jioni panya!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Binti Mfaume naye alicheka. Nikapiga X yangu, mstari mmoja ukachuruzika mpaka chini, nikaenda nyumba ya pili. Sikugeuka nyuma. Nilidhani nimemaliza kazi.

Mtasema, lakini si ulikuwa utani? Nami nilijiambia hivyo hivyo kwa muda mrefu. Subirini.

Mwaka ukapita. Upembuzi wa njia ukarudishwa, wakasema kona ya Mchangani ni kali, mchanga wake haukai, njia ichorwe upya. Sisi wa ofisini tukajua. Kijijini hawakujua, kwa sababu kila tukipanga kwenda kuwaambia tunasema tungoje kwanza jambo likamilike, tusiwachanganye wananchi. Angalieni sana neno hilo, "tusiwachanganye". Mara nyingi maana yake ni sisi tunaogopa kuzomewa.

Siku moja nikapita Mchangani na wageni kutoka Dar es Salaam, wakubwa, gari lina kipupwe mpaka meno yanagongana. Nikaiona ile nyumba. Paa limebonyea katikati, makuti meusi, kona moja wamefunika turubai. Lile rundo la makuti mapya bado liko kando ya ukuta, limeshuka kwa mchwa, limekuwa kichuguu. Nikajiuliza, mbona mama huyu haezeki? Nilijiuliza kweli, nisingizie nini. Na kabla sijamaliza kujiuliza jibu nikawa nalo.

Alituona, akaja barabarani anapunga mkono. Dereva akasimama. Nikateremsha kioo.

"Mmakua," akasema, na bado alikuwa anatabasamu, "bado tu nisiguse?"

Wageni wananitazama. Kumwambia "ezeka" ilikuwa kumwambia mbele yao kwamba nilimzuia bila sababu. Kumwambia njia imerudishwa ilikuwa kuwaumbua wakubwa waliokuwa wamenisifia mpango njia nzima. Vijana, nilikuwa na muda wa kupumua mara moja, nikachagua heshima yangu.

"Vumilia kidogo, Binti Mfaume! Treni inakuja!"

Nikapandisha kioo. Mgeni mmoja akaniambia nina uhusiano mzuri na wananchi. Nikamshukuru.

Paa lilianguka masika yaliyofuata, mvua ya alfajiri. Mtendaji wa kijiji ndiye aliyenipigia simu. Boriti iliangukia kitanda cha Bi Esha, ikamkosa kwa shubiri, kwa kuwa alikuwa ameamka kutia udhu. Ukuta wa nyuma ukafuata. Mtoto wa kiume wa Bi Esha akaja kumchukua, akampeleka mjini, kwenye chumba cha kupanga kule Chikongola. Binti Mfaume akabaki kijijini, akilala kwa jirani, ili alinde kilichobaki.

Nilikwenda siku ya pili. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilimkuta anachambua fito, nzima huku, mbovu kule. Nikamwambia pole. Kisha, sijui shetani gani alinisukuma, nikasema, "Lakini Binti Mfaume, ungeezeka tu. Ukarabati haukukatazwa."

Akaacha fito. "Haukukatazwa?"

"Haukukatazwa. Mimi siku ile nilikuwa natania. Si unanijua? Sisi watani."

Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Ulikuwa umeshika rangi," akasema.

Akaendelea, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mtani wangu akinambia atanifunga, nacheka. Kila siku nacheka. Lakini siku ile ulikuja na brashi, ukaandika ukuta wangu, na maneno yako ukayasema brashi iko nkononi. Mimi nitajuaje lipi la Mmakua na lipi la serikali? Nikakufuata barabarani nikuulize tena. Ukanambia nivumilie." Akapangusa mikono. Akaingia kwa jirani, akatoka na kigoda, akakifuta vumbi kwa kanga yake. "Karibu ukae, Mheshimiwa."

Wanangu, nimeitwa majina mengi kazini. Nimeitwa mwizi wa viwanja, nimeitwa kibaraka, kuna mzee wa Mikindani aliwahi kuniita kunguru mwenye suruali. Hakuna lililoniuma kama hilo mheshimiwa.

Niliomba msamaha, akasema, "Hapana shida, Mheshimiwa." Nikasema nitaleta nguvu kazi na makuti tuezeke wiki ile ile. Akasema nimpe kwanza barua. Nikamuuliza barua ya nini. "Ya ruhusa," akasema. "Yenye muhuri. Ili akija afisa mwingine asinifunge." Hakusema kwa mzaha. Nikarudi ofisini, nikaandika barua ya kumruhusu mtu kuezeka nyumba yake mwenyewe, nikaipiga muhuri, nikampelekea. Aliisoma yote, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Kanuni ya Mzee Chikoma ilikuwa kwenye daftari, kwenye mkoba, begani kwangu, siku zote hizo.

Niliwapanga mafundi, nikaenda mwenyewe kubeba miti, na kazi ikaenda polepole kwa sababu ukuta ulihitaji kusimamishwa kwanza. Katikati ya kazi hiyo nilimtembelea Bi Esha mjini. Chumba kidogo, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Hakunitambua. Alisikia tu kuwa nimetoka Mchangani, akauliza, "Wameshaezeka?" Nikamwambia bado kidogo. "Waambie wafanye haraka," akasema. "Mimi nasubiri paa tu, nikafe." Nikamwambia nitawaambia.

Alifariki wiki ile ile, kwenye chumba cha kupanga. Kenchi zilikuwa zimeshapanda juu, makuti hayajawekwa hata moja.

Jambo moja kabla sijamaliza, msije mkalisahau mkiwa mnanionea huruma. Njia mpya ya treni bado inachorwa. Mtaenda tena vijijini na makopo ya rangi, safari hii pengine Madimba, pengine kwingine. Andikeni kwenye kila ukuta, chini ya X, tarehe ya mwisho ya katazo. Ikipita, mwenye nyumba aifute alama mwenyewe kwa chokaa. Halafu mtu mmoja kati yenu, asiyeshika brashi, apite nyumba kwa nyumba aseme kinachoruhusiwa. Mkitaka kutania tanieni, nchi hii bila utani tungekuwa tumeshauana. Ila kopo la rangi liacheni kwanza kwenye gari. Na mpango ukikwama, nendeni mkaseme umekwama, mzomewe, mrudi. Kuzomewa hakuezui nyumba ya mtu.

Maiti ilirudishwa Mchangani kuzikwa. Walimlaza kwa jirani, nyumba yake ikiwa pale pale hatua ishirini, mbavu wazi, unaona mbingu.

Nilijua kazi yangu. Mtani msibani ana kazi. Ni yeye wa kuwachekesha wafiwa pale kilio kinapowazidi, ni yeye wa kulala mlangoni akatae maiti isitoke mpaka apewe kuku, na hakuna wa kumkasirikia. Nilisema moyoni, nikifanya hili vizuri, labda. Nikasimamisha gari mbali, nikajifunga kanga ya mke wangu kiunoni, nikajipaka unga usoni, nikavaa sufuria kichwani. Mzee mstaafu mtarajiwa, babu wa wajukuu sita. Nikaingia uani nalia kilio cha uongo, kwa sauti kubwa, "Nani atanilipa deni langu la panya, Bi Esha!"

Binti Mfaume akainuka kutoka kwa wanawake, macho mekundu, akaja mpaka mbele yangu. Akanivua sufuria, taratibu, akampa mtu. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Mheshimiwa amefika," akasema. "Mpeni kiti."

Wakaniletea kiti cha plastiki, wakakiweka chini ya turubai, safu ya mbele, kati ya diwani na mwalimu mkuu. Wakanipa na chupa ya maji. Diwani aliniangalia unga usoni, akatazama pembeni, mtu mwenye adabu zake. Sikuwa na leso. Nikakaa hivyo hivyo.

Mara nikasikia vurugu mlangoni. Mmakua mwingine, fundi baiskeli kutoka Madimba, walikuwa wamemwita, alikuwa amejitupa chali kizingitini. "Hatoki mtu hapa! Bibi huyu alinikopa mtego wangu wa panya! Nataka kuku wawili, na mmoja awe jogoo!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na wanawake waliokuwa wamelegea kwa kulia wakaanza kufuta machozi wanacheka. Nikamwona Binti Mfaume anamchapa yule bwana kwa ncha ya kanga, analia na kucheka kwa pamoja, na sauti yake ile kubwa, ambayo sikuwa nimeisikia tangu paa lianguke, ikapasua ua.

"Wewe Mmakua!"

"Naam!" nikaitika, na nikanyanyuka kitini kabla sijafikiri.

Hakuna aliyegeuka. Nikakaa tena, nikafungua chupa ya maji, nikanywa.